Kazi ya Valeria

Jeptoo aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akavua buti pale mlangoni na kumwita mtoto kabla hajamsalimia mama mtu.

"Abigael! Wapi yule mrembo wangu?"

Mtoto akatoka chumbani mbio, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akajibu kwa Kiingereza kwamba mrembo ana njaa. Walicheka. Valeria alikuwa ameshavaa koti na anatafuta glavu. Jumanne na Alhamisi jioni ndivyo ilivyokuwa. Elias, mumewe, hufanya zamu ya jioni kwenye ghala moja huko Brampton, hivyo Jeptoo hupanda lifti kutoka kwake ghorofa za chini za jengo hilohilo la mtaa wa wahamiaji wa St. James Town, akakaa na mtoto mpaka Valeria arudi kutoka darasani. Bila Jeptoo hakuna darasa. Valeria alilijua hilo kila alipofunga zipu ya koti lake.

"Kabla hujaenda," Jeptoo akasema, akimvalisha mtoto ile soksi, "nikuambie kitu utafurahi. Jumamosi nakuja na mgeni kuona hayo maonyesho yenu ya maktaba."

"Mgeni gani?"

"Mama Clinton. Shangazi yake Kiprop. Kiprop amemwambia eti rafiki yangu ana picha kwa maktaba, mama akasema lazima aione. Anataka kujua marafiki zangu ni watu wa aina gani, si unajua. Akiridhika, anapiga simu nyumbani, wazee wa kwao waende Kapsabet kwa baba."

"Kuposa?"

"Sasa waende kufanya nini ingine? Kuuza maziwa?"

Valeria akabaki na glavu moja mkononi. "Jumamosi hii?"

"Aki mbona unauliza kama mtu ameambiwa nyumba inaungua?"

"Hakuna kitu. Nimechelewa tu," Valeria akasema, akatoka.

Ndani ya lifti akaegemea ukuta na kufumba macho. Picha yake iliyotundikwa maktaba ilikuwa ya mwanamke anayepiga pasi. Mwanamke huyo alikuwa Jeptoo, na Jeptoo hajui.

Wote wawili walikuwa madobi wa hospitali. Kule chini kabisa, chini hata ya maegesho ya magari, ndiko nguo za hospitali nzima zinakofuliwa. Valeria hukunja mataulo na mashuka siku chache kwa wiki. Jeptoo yuko siku zote kwenye roli, ile mashine kubwa ya pasi yenye silinda ya moto: unalishika shuka bichi kwa pembe zake, unainua mikono, unalilisha mashine, linatokea upande wa pili limekauka na kunyooka. Kisha lingine. Kisha lingine.

Valeria hakumficha mtu kwamba ni dobi. Jeptoo naye hakudanganya, ukitaka kusema kwa haki. Kanisani watu walipomuuliza anafanya kazi wapi alijibu, "Niko hospitali." Basi. Na Mkenya akisema yuko hospitali, nani atauliza zaidi? Nusu ya kina mama wa kanisa lile walikuwa manesi. Kiprop, kijana wa kompyuta kutoka Richmond Hill, mpole, mwenye aibu ya kusema maneno mengi, alianza kumwita "nesi wangu", na Jeptoo akaitika. Halafu akaja Mama Clinton, ambaye yeye ni nesi wa kweli, mtu wa wodi tangu Eldoret, akamuuliza, "Uko kitengo gani?" Jeptoo akajibu, "Niko huku chini." Mama Clinton, ambaye kwake chini ni wodi ya dharura, akapiga makofi. "Emajensi! Ndiyo maana umekonda. Pole na kazi, mwanangu." Jeptoo akapokea ile pole akanyamaza, na tangu siku hiyo hajapata mlango wa kurudia nyuma.

Sasa mama huyo anakuja kuona picha.

*

Somo lenyewe Valeria alilichukua kwa sababu lilibaki hilo tu jioni. Alikuwa anakusanya masomo ili siku moja aingie chuo cha ualimu wa watoto wadogo, na ofisi ikamwambia achague moja la sanaa. Alidhani watafundishwa kupaka rangi maua. Badala yake mwalimu, Bi Rahemtulla, alizima taa na kuanza kuwaonyesha wanawake.

Walikuwa wanawake wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa. Bi Rahemtulla alieleza kwamba kabla ya hapo, mwanamke mkubwa pichani alikuwa malkia, au mtakatifu, au mke wa tajiri aliyekaa na mbwa wake. Halafu wakatokea wachoraji, wengi wao Wafaransa, wakasema wao watachora kilichopo. Wakachora wanawake wakifua mtoni. Wanawake wakipiga pasi kwenye chumba chenye mvuke. Wanawake wameinama shambani kuokota masuke yaliyoachwa na wavunaji, migongo imelingana na ardhi. Watu wa mjini walikasirika, Bi Rahemtulla akasema. Walikuja kwenye maonyesho wamevaa vizuri, wakakuta ukutani mtu kama yule anayewafulia mashuka.

Valeria alikaa gizani akiwa amesahau daftari lake. Kwao Bukoba, ukitaka picha unakwenda studio. Unapaka poda, unaazima viatu, unasimama wima mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, unaangalia kamera mpaka machozi yakutoke. Hakuna mtu aliyewahi kuweka picha ukutani yumo na ndoo. Sasa huyu hapa, dobi wa Kifaransa, bega moja juu na jingine chini, kidole gumba kimeelemewa na pasi, ananing'inia ukutani kwa watu wenye heshima zao. Aliona haya, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni. Na palepale akataka kulia kwa furaha, maana aliona mtu aliyemtazama yule mwanamke hakumtazama kwa kupita.

"Anaitwa nani?" aliuliza siku ile.

"Nani, mchoraji?"

"Hapana. Huyu mama."

Bi Rahemtulla alitafuta kwenye karatasi zake. Hapakuwa na jina. Chini ya picha iliandikwa tu kwamba ni mpiga pasi. "Haikuandikwa," akasema. "Mara nyingi hawakuandika."

Zoezi la muhula likawa kila mwanafunzi amchore mwanamke anayemjua, kazini kwake, kwa jicho lile. Valeria aligeuza kapu la nguo, akalikalia wakati wa mapumziko, akamchora Jeptoo kwa penseli. Jeptoo hapumziki saa ya mapumziko, hupenda kumaliza rundo lake kwanza. Alidhani mwenzake anaandika kazi ya shule. Nyumbani Valeria akaihamishia kwenye karatasi kubwa kwa mkaa wa kuchorea, mtoto akiwa amelala miguuni, na kadiri mikono ile ilivyozidi kutokea juu ya karatasi ndivyo alivyozidi kujisahau. Alijua amepata kitu. Hajawahi katika maisha yake kufanya kitu kizuri kiasi kile ambacho hakikuwa mtoto.

Kumuuliza Jeptoo? Alisema atamwambia ikiisha. Ikaisha, akasema atamwambia ikitundikwa.

*

Jumanne hiyo alimfuata Bi Rahemtulla kabla ya somo. Mwalimu huyu alizaliwa Tanga, akaondoka na wazazi wake akiwa msichana, na kila alipomwona Valeria alikitoa Kiswahili chake. Kilikuwa Kiswahili cha jikoni, cha kuagiza. Leta, peleka, ngoja. Valeria alikwisha kuzoea. Alijua mama huyu hana kingine cha kumpa katika lugha hiyo.

"Mwalimu, naomba niitoe picha yangu."

"Hapana toa! Kwa nini toa? Picha zuri sana kupita yote."

Akaendelea kwa Kiingereza, kwa upole. Picha zimeshafungwa nyuma ya kioo, ufunguo uko kwa watu wa maktaba mpaka Jumamosi. Jumamosi kila mwanafunzi atasimama kando ya picha yake na kusema maneno machache, na hayo ndiyo sehemu ya maksi. Kuna tatizo? Valeria akasema hapana. Bi Rahemtulla akampa kijikaratasi cheupe, kama alivyowapa wengine wote, waandike kwa lugha za kwao, kwa sababu mtaa ule una watu wa kila lugha. Akamwambia aandike kazi ya nani.

Valeria aliandika haraka, mawazo yakiwa kwingine kabisa: *Kazi ya Valeria*.

Aliporudi nyumbani Abigael alikuwa macho bado, amepandwa na wazimu wa usingizi, anaruka juu ya kochi. Jeptoo alikuwa anatazama Olimpiki ya barafu ya Vancouver kwenye televisheni, anawacheka watu wanaofagia barafu kwa mifagio.

"Njoo uone. Hawa wanapewa medali ya kudeki!"

"Jeptoo, ile picha yangu ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Niliyemchora. Ni wewe, pale kwenye roli."

Jeptoo alicheka kwanza. "Wacha! Umenichora mimi? Na aproni?"

"Na aproni."

"Na ile kofia ya nywele kama ya mpishi wa shule? Valeria! Sasa nimesimama vizuri angalau?"

"Umeinama kidogo. Unalisha shuka."

"Mdomo?"

"Uko wazi. Ulikuwa unavuta pumzi."

"Aki hata maiti watu humfunga mdomo!" Alikuwa bado anacheka, na Valeria akaona mahali kicheko kilipokatika. Jeptoo alizima televisheni. "Jumamosi," akasema.

"Ndiyo maana nimekuambia. Nimejaribu kuitoa, wamekataa. Imefungiwa."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Hao wanawake mnasoma huko, waliulizwa?"

"Sijui. Hata mwalimu hajui."

"Basi mmesoma nini muhula mzima?" Aliinuka, akaanza kutafuta buti zake mahali ambapo hazikuwapo. "Mimi nikikaa na mtoto wako hapa, nampikia uji, namwimbia, nikijua mwenzangu anasoma atoke kwa hii mavumbi ya pamba. Kumbe unasoma mimi."

"Jeptoo, dada, nisikilize. Mwambie tu Mama Clinton ukweli kabla ya Jumamosi. Udobi si wizi."

"Kwako ni rahisi. Wewe umeshaolewa. Ukisema wewe ni dobi, watu wanacheka na wewe. Mimi nikisema, wananicheka mimi." Alipata buti, akavaa bila kukaa. "Siwezi kumzuia huyo mama, ameshaahidi. Tutakuja. Wewe ongea na hiyo picha yako ifunge mdomo."

Abigael aliuliza kwa Kiingereza kwa nini anti hakumbusu. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Alhamisi Jeptoo hakupanda. Valeria alikaa amevaa koti mpaka mtoto akamwambia anatoka jasho, ndipo akalivua. Ijumaa kazini walipeana kisogo. Mashuka yalitoka kwenye roli moja baada ya jingine yakiwa ya moto, na kila lililomfikia Valeria alilikunja kwa adabu, kana kwamba mwenye mikono iliyolishika kwanza angeweza kuisikia yake.

*

Jumamosi maktaba ilijaa. Walimimina juisi kwenye vikombe vya karatasi, watoto wakamwaga. Valeria alikaa kiti cha nyuma na Abigael mapajani, Elias akiwa nyumbani amelala baada ya zamu. Hakwenda karibu na picha yake.

Mama Clinton aliingia kwa koti la kanisani lenye manyoya shingoni, mtu mnene, mwenye mwendo wa taratibu wa mtu aliyesimama sana maishani. Nyuma yake Jeptoo, nywele zimesukwa upya, gauni la waridi, uso umekufa. Hakumtazama Valeria.

Mama Clinton hakuwa mtu wa kuruka picha. Alianza mwanzo wa ukuta. Mama wa Kitamil anamenya vitunguu: akatikisa kichwa. Mama wa Kifilipino anamwogesha mzee: "Eeh, hapo amemshika vibaya, atamwangusha." Jeptoo alitabasamu kwa meno tu. Wakafika.

Mama Clinton akasimama. Akatafuta miwani kwenye mkoba, akaivaa, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Valeria alijikuta amekwisha kusimama, mtoto begani, anatembea kuelekea kwao bila kujua atasema nini.

"Kazi ya Valeria," Mama Clinton akasoma kwa sauti. Akageuka. "Valeria ndiyo wewe?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nyinyi Watanzania na heshima zenu, mtatuua." Akairudia picha, kisha akamtazama Valeria kuanzia kichwani, kwa macho mapya, ya huruma. "Kumbe ndiyo kazi yako hii. Kazi ya pasi."

Ilimchukua Valeria muda kuelewa. Halafu akaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeona tobo kwenye ukuta. Uso wa pichani ulikuwa umegeuka nusu. Kilichoonekana zaidi ni shingo, na mikono, na ile kofia ambayo inamfanya kila mtu afanane na kila mtu. Picha ya Valeria, ndivyo Mama Clinton alivyoambiwa na Kiprop. Kazi ya Valeria, ndivyo alivyosoma. Mama huyu hakuona jina la mchoraji. Aliona jina la dobi.

Nyuma ya bega la Mama Clinton, Jeptoo naye ameelewa. Macho yake yalikuwa yanaomba.

"Ndiyo, mama," Valeria akasema. "Ndiyo kazi yangu." Haukuwa hata uongo.

"Na nani amekuchora?"

Hapo ndipo palipouma. Aliusikia mkaa ule vidoleni mwake. Akasema, "Mwenzangu wa darasani."

"Amekuona vizuri huyo mtu. Angalia shingo hii. Jeptoo, hebu angalia." Jeptoo akaangalia. "Mimi nimetandika mashuka maisha yangu yote. Nafungua, safi, linanukia, natandika. Sijawahi hata siku moja kufikiri kuna mtu amelishika kabla yangu." Akauchukua mkono wa Valeria, akauweka kati ya mikono yake miwili. "Pole na kazi, mwanangu. Pole sana. Mungu akuone." Kisha akamgeukia mkwe wake mtarajiwa. "Na wewe, huwa unashuka kuwasalimia hawa? Si wako huko huko kwenu hospitali?"

"Huwa tunaonana," Jeptoo akasema.

Bi Rahemtulla alipiga makofi mbele ya chumba, akaomba kila mmoja asimame karibu na kazi yake. Wanafunzi wakajipanga ukutani. Kando ya mpiga pasi pakabaki wazi. Bi Rahemtulla alimtafuta Valeria kwa macho, akamwita kwa mkono, akamwita tena. Valeria akakaa kitini, akamkumbatia mtoto, akatikisa kichwa. Alimwona mwalimu akiandika kitu. Alijua ni nini, na machozi yalikuwa karibu sana, lakini Mama Clinton alikuwa amekaa pembeni yake anapuliza chai, ameridhika, anamwuliza kama Abigael anakula ugali.

*

Mama Clinton alipotoka kwenda kuwasha gari lipate joto, Jeptoo alirudi kwenye picha. Alisimama mbele yake kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Valeria akaja akasimama naye.

"Umenisaidia," Jeptoo akasema bila kugeuka.

"Si kitu."

"Ngoja, sijamaliza. Umenisaidia na sasa nasikia vibaya, sijui ni kwa nini. Ni kama nimeibiwa." Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya shingo ile. "Hii shingo inaniuma kila siku. Huyo mama ameiangalia, ameona inauma, ametoa pole. Halafu akakupa wewe."

Jeptoo akaifuta alama ya kidole chake kwenye kioo.

"Akinipa mimi pole ni ya emajensi. Naipokea, naenda nayo nyumbani, haifanyi kazi, kama dawa ya mtu mwingine. Hii ya leo ilikuwa yangu. Tangu nije nchi hii hakuna mtu amenipa pole ya hiyo roli."

"Na mimi?"

"Wewe uko hapo hapo na mimi. Sisi tunapeana pole kama watu wanapeana chumvi mezani."

"Na mimi picha yangu imekwenda," Valeria akasema. Alitaka kutania. "Nimeambiwa nimechorwa vizuri."

Jeptoo akamgeukia hatimaye. "Nilikuona ukikataa kusimama. Umepoteza maksi?"

"Kidogo."

"Sikukuomba hivyo."

"Nami sikukuomba shingo."

Kupitia dirisha walimwona Mama Clinton anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, koti la kanisani limepanda juu. Jeptoo alimtazama kitambo. Halafu akatoka hivyo hivyo, na gauni la waridi, mikono wazi, kwenye baridi ya Februari.

Valeria aliliona koti la Jeptoo juu ya kiti. Akalichukua, akambeba mtoto, akamfuata.

"Mama," Jeptoo alikuwa anasema.

"Umesahau nini? Na koti lako liko wapi, unataka nimonia?"

"Ile picha ni mimi."

"Picha gani?"

"Ya pasi. Valeria ndiye amechora. Mimi ndiye napiga pasi. Mimi si nesi, mama. Mimi ni dobi. Hospitali ni hiyo hiyo, lakini ni chini. Chini kabisa."

Mama Clinton hakuacha kukwangua. Barafu ilidondoka vipande vipande juu ya viatu vyake. "Ulisema chini," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi ndiye nikasema emajensi."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Na siku ile nilikuuliza habari za dripu, mbele ya mama mchungaji?"

"Nilienda choo."

Mama Clinton akasimama. Mdomo wake ulivutika upande mmoja, kama mtu aliyekaribia kucheka akajikataza. "Ulikaa sana huko choo," akasema. "Nilidhani una tumbo." Akamtazama Valeria, aliyekuwa amefika na koti na mtoto. "Na wewe ukaniachia mkono nikaupa pole."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kiprop anajua?"

"Hajui," Jeptoo akasema. Meno yake yalikuwa yanagongana. Valeria akamvisha koti kutoka nyuma, akamfunga vifungo kama anavyomfunga Abigael.

Mama Clinton alipangusa mikono. Kwa muda alikuwa mama mchovu tu aliyesimama kwenye maegesho. "Pole sikupi leo," akasema. "Nimekasirika. Nitakupa siku nyingine, ikifika. Nyumbani nitasema nini sijui. Labda sitasema kitu mpaka Kiprop aseme. Yeye ndiye umemwita mume, si mimi." Akafungua mlango wa dereva. "Yuko nyumbani Richmond Hill, anaangalia hoki. Twende umwambie. Sitakusaidia kusema, na sitakukatiza. Nitakaa jikoni."

"Sasa hivi?"

"Unataka nikupe wiki ingine ya kunyamaza?"

Jeptoo akageuka, akamshika Abigael kwa shavu kwa mkono wa barafu, mtoto akapiga kelele. "Jumanne nitapanda," akamwambia Valeria. "Nikiwa nimechumbiwa ama nikiwa nimeachwa, nitapanda. Ukamuulize huyo mwalimu wako anarudishaje hizo maksi."

"Usiwaze mambo ya Jumanne."

"Nitawaza nini? Nikiwaza Kiprop nitatapika."

Alizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma. Mama Clinton alikuwa ameshaingia. Alinyoosha mkono, akachukua mkoba wake mkubwa kutoka kiti cha mbele, akautupa nyuma.

"Njoo huku mbele," akasema. "Na uharakishe, joto lote linatoka."